Geuza upande wa pili: vibao bora vya Jerry Lee Lewis na nusu inayoachwa nje

#1 (Mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita nilinunua sidii ya Jerry Lee Lewis, mwimbaji na mpiga kinanda wa roki wa Marekani, kwa muuzaji mmoja wa vitu vya mitumba mjini Nakuru. Jalada lilikuwa limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba ndani mna vibao vyake bora, na picha ilimwonyesha akiwa kijana, nywele zimemwangukia usoni, amekiinamia kinanda kana kwamba anataka kukitafuna. Nilifika nyumbani, nikaiweka, na kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati nilifahamu kwamba nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Sauti ilikuwa yake, vidole vilikuwa vyake na wimbo ulikuwa Whole Lotta Shakin' Goin' On, lakini haukuwa ule nilioukulia. Marehemu baba alikuwa na kaseti moja ya mzee huyu, na kwa kuwa kaseti za nyumbani kwetu hazikuzidi kumi, tuliisikiliza mpaka utepe ukawa unakatika na kuungwa kwa gundi ya karatasi. Wimbo ambao umeusikia hivyo hauwezi kubadilishiwa hata pumzi moja usitambue.

Nimefungua uzi huu kueleza nilichokigundua baada ya hapo, na pia kutoa dukuduku langu kuhusu namna albamu za zilipendwa za msanii huyu zinavyopangwa.

Kwanza suala la rekodi zenyewe. Jerry Lee Lewis alizaliwa tarehe 29 Septemba 1935 huko Ferriday, Louisiana. Wazazi wake, Elmo na Mamie, waliweka nyumba yao rehani ili mtoto apate piano. Alipofika Memphis mwaka 1956 kutafuta bahati katika studio ya Sun, inasimuliwa kwamba safari hiyo iligharimiwa kwa mayai ambayo baba yake aliyauza. Sam Phillips, mwenye studio, hakuwepo siku hiyo, na aliyemsikiliza ni msaidizi wake, Jack Clement. Mwaka 1957 ikatoka Whole Lotta Shakin' Goin' On, kisha Great Balls of Fire, na mwaka 1958 zikafuata Breathless na High School Confidential. Nyimbo hizo 4 ndizo msingi wa kila albamu ya vibao bora iliyowahi kubeba jina lake.

Mwaka 1963 aliondoka Sun akaenda Smash, lebo iliyokuwa chini ya kampuni ya Mercury. Hapa ndipo penye kitendawili cha sidii yangu. Smash walikuwa wamempata mwimbaji, lakini hawakuzipata kanda zake za zamani, kwa kuwa hizo zilibaki kuwa mali ya Sun. Wakamwingiza studio azirekodi upya nyimbo zake zote zilizovuma, na mwaka 1964 wakaziuza katika albamu iliyoitwa The Golden Hits of Jerry Lee Lewis. Mtu aliyeinunua wakati ule alinunua vibao vya dhahabu vilivyopigwa kwa mara ya pili, na tangu hapo rekodi hizo zimekuwa zikiingia na kutoka katika mikusanyiko ya bei rahisi bila jalada kusema lolote.

Utamu wa kisa hiki ni kwamba mmoja wa wakubwa wa Mercury na Smash katika miaka hiyo alikuwa Shelby Singleton, na mwaka 1969 Singleton huyo huyo, akiwa sasa anajitegemea, aliinunua Sun pamoja na kanda zake zote. Jambo alilolifanya karibu mara moja ni kutoa albamu za Original Golden Hits, juzuu ya kwanza na ya pili. Litazameni vizuri hilo neno la kwanza katika jina. Kwa maoni yangu liliwekwa pale makusudi, ili mnunuzi aelewe kwamba hivi ndivyo vilivyopigwa Memphis na si vile vilivyorudiwa baadaye.

Sasa dukuduku langu. Hata mtu akipata rekodi za asili, albamu nyingi za vibao bora humwonyesha Lewis kama mtu wa miaka miwili, yaani 1957 na 1958, kisha pazia linashuka. Wengine humwongezea What'd I Say ya Ray Charles, ambayo aliifikisha nafasi ya 30 mwaka 1961, wakahesabu kwamba wamemaliza kazi. Mimi nasema hiyo ni nusu ya mtu. Chukueni santuri ya Great Balls of Fire, Sun namba 281, mgeuze upande wa pili. Mtakuta You Win Again, wimbo wa Hank Williams, kantri tupu, taratibu, mwanamume anakiri kwamba ameshindwa na anarudi vilevile. Wimbo huo nao uliingia katika chati za kantri. Santuri yake ya kwanza kabisa, Crazy Arms ya mwaka 1956, ulikuwa wimbo wa kantri ambao Ray Price alikuwa ameshauvumisha mwaka huohuo. Kwa hiyo wanaosema kwamba alikuwa mwanaroki aliyekimbilia kantri baada ya kuharibikiwa hawajaitazama santuri ile ikiwa mkononi, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa na pande mbili.

Nakaribisha michango, hasa kutoka kwa wenye santuri zenyewe.

#2

Mkuu mleta uzi, nimesoma yote na nimefaidika, lakini nadhani umeruka jambo moja zito. Sababu ya pazia kushuka mwaka 1958 inajulikana. Mwezi Mei mwaka huo alikwenda Uingereza, waandishi wa habari wakagundua kwamba mke aliyefuatana naye, Myra, alikuwa na umri wa miaka 13 tu, na juu ya hayo ni binti wa binamu yake. Ziara ilikatishwa baada ya maonyesho matatu. Redio za kwao ziliacha kumpiga, na ujira wake wa usiku mmoja ukaporomoka kutoka dola 10,000 hadi dola 250. Watu wanaopanga albamu hawakuibuni hiyo miaka miwili. Ni yeye mwenyewe aliyejifungia mlango. Sioni kwa nini tuwalaumu.

#3 (Mleta uzi)

Sikuruka kwa nia ya kumsitiri, mkuu. Yule alikuwa mtoto, na yeye alikuwa mtu mzima wa miaka 22. Wala desturi za Louisiana za wakati ule, ambazo mashabiki wake hupenda kuzitaja, hazinishawishi. Nakubali pia kwamba kuporomoka kwake kulikuwa kwa kujitakia.

Lakini swali langu linahusu kilichofuata. Kwa takriban miaka kumi alisafiri kutoka ukumbi mmoja mdogo hadi mwingine, akirekodi kila alichoambiwa arekodi, na ukiacha What'd I Say hakuna kilichoshika. Mwaka 1968 alikuwa Los Angeles akiigiza kama Iago katika mchezo wa jukwaani uliotokana na Othello ya Shakespeare, kazi ambayo hakuna aliyeitarajia kwa mtoto wa Ferriday, ingawa nikiwaza hila za Iago naona hawakukosea sana kumchagua. Mwaka huohuo, mtayarishaji Jerry Kennedy alimrekodi Nashville wimbo wa Jerry Chesnut uitwao Another Place, Another Time. Fidla ipo, gitaa la chuma lipo, kinanda kimewekwa nyuma kidogo, na sauti ile iliyokuwa ikipiga ukelele sasa inazungumza. Ulifika nafasi ya 4 katika chati za kantri. Ukafuatiwa na What's Made Milwaukee Famous, ulioishia nafasi ya 2, na mwanzoni mwa 1969 To Make Love Sweeter for You ukashika namba moja. Baada ya hapo There Must Be More to Love Than This na Would You Take Another Chance on Me nazo zilifika kileleni, na mwaka 1972 Chantilly Lace ikafanya hivyo tena.

Sasa hesabu mwenyewe. Nyimbo zake zilizofika namba moja katika miaka hiyo michache ya Mercury ni nyingi kuliko zilizofika huko alipokuwa Sun, na bado albamu inaitwa vibao bora pasipo hata mmoja wao. Jalada linalosema hivyo halisemi kweli, hata kama rekodi ni za asili.

#4

Naandika kutoka Kericho. Nilipoona neno kantri nikajua lazima nichangie, maana sisi huku muziki huo hatukuletewa na runinga. Babu zetu waliusikia kwenye santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, zilizochezwa kwa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na sauti ile iliwashangaza mno hata wakamtungia nyimbo. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipofika Kapkatet alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba Chemirocha, na ukilitamka jina hilo polepole utamsikia Jimmie Rodgers mwenyewe ndani yake. Katika simulizi alikuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Nasema haya kwa sababu Jerry Lee Lewis alikuwa na kauli yake mashuhuri kwamba Marekani imetoa waimbaji wanne tu wenye mtindo wa kweli wa kwao wenyewe: Al Jolson, Jimmie Rodgers, Hank Williams, na yeye. Majivuno yake tuyaache kando. Katika orodha hiyo, ukimtoa yeye, wawili kati ya watatu waliobaki ni watu wa kantri, na hakuna hata mmoja wa roki. Mtu akikutajia wazee wake namna hiyo, amekuonyesha kwao ni wapi. Namuunga mkono mleta uzi.

#5

Mimi ni mpiga kinanda kanisani, kwa hiyo nitasema kuhusu mikono yake, kwa kuwa naona wote mnazungumzia chati.

Watu humkumbuka kwa mkono wa kulia: kule kutelezesha kucha kutoka juu kabisa ya kinanda hadi chini, na kugonga nota moja ya juu mfululizo kama mtu anayebisha mlango usiku. Hayo yanaigika, mwanafunzi wangu wa miaka 14 anayafanya, ingawa hutoka na ngozi ya kidole imechubuka. Kisichoigika ni mkono wa kushoto. Sikilizeni Whole Lotta Shakin' Goin' On ile ya 1957. Waliomsindikiza ni Roland Janes kwa gitaa na J. M. Van Eaton kwa ngoma, basi. Anayeshika nafasi ya besi ni mkono wake wa kushoto, unatembea bugi-wugi, ule mdundo wa kinanda wa nota za chini zinazojirudia, bila kuteleza hata pale anaposhusha sauti ikawa karibu mnong'ono, akimwelekeza msikilizaji asimame mahali pamoja ajitikise kidogo tu. Katika sehemu ile kila kitu kinapungua isipokuwa mkono huo. Kisha anapopandisha, wimbo unalipuka kwa sababu moto haukuzimwa, ulifunikwa tu majivu.

Bugi hiyo aliitoa wapi? Pale Ferriday palikuwa na ukumbi wa watu weusi uitwao Haney's Big House, na yeye na binamu yake, Jimmy Swaggart, walikuwa wakinyemelea kusikiliza. Swaggart akawa mhubiri wa runinga, na binamu yao mwingine, Mickey Gilley, akawa mwimbaji wa kantri. Lewis mwenyewe alipelekwa chuo cha Biblia huko Waxahachie, Texas, akafukuzwa kwa kuupiga wimbo wa injili, My God Is Real, kwa mdundo wa bugi. Mimi nimewahi kuonywa na wazee wa kanisa kwa kosa kama hilo, ijapokuwa langu lilikuwa dogo na msamaha nilipewa kabla ya chai.

Kuhusu kantri: mkono ni uleule. Katika nyimbo za Nashville ameupunguza mwendo, na kulia anapiga zile nota mbili zinazokwaruzana kabla ya kutulia, ambazo wapiga kinanda wote wa kantri huzitumia. Lakini katikati ya wimbo wa huzuni atatupia mtelezo mmoja mfupi, kama mzee anayekukumbusha kwamba aliwahi kucheza mpira. Nikiwa na albamu ya Sun peke yake sitausikia mtelezo huo katika umri wake mwingine, na hiyo kwangu ndiyo hasara kubwa kuliko ya chati.

#6

Naomba kutofautiana na wengi hapa. Kwanza, zile rekodi za 1963 mnazidharau bure. Aliyezipiga ni yeye, ana kama miaka 28, sauti imekomaa, na vyombo vinasikika kwa usafi ambao chumba kile kidogo cha Memphis hakikuweza kuutoa. Anayezichukia anachukia kwa sababu ya mazoea ya kaseti ya baba, kama mleta uzi alivyokiri mwenyewe.

Pili, mtu akitaka vibao bora vya Jerry Lee Lewis, asinunue mkusanyiko wowote. Atafute onyesho alilorekodi katika klabu ya Star, Hamburg, mwezi Aprili 1964, akisindikizwa na vijana wa Kiingereza wa The Nashville Teens. Ni nyimbo zilezile, watu wanamwita jina bila kukoma, na anapiga kama mtu anayedai deni. Huo ndio mkusanyiko, tena umepangwa na yeye mwenyewe kwa usiku mmoja.

#7 (Mleta uzi)

Kuhusu Hamburg sina ubishi, mkuu. Ile ni kazi kubwa, na hata ndani yake kuna Your Cheatin' Heart ya Hank Williams, kwa hiyo upande wa pili wa santuri alisafiri nao mpaka Ujerumani.

Kuhusu rekodi za 1963, nakubali kwamba mazoea yana nguvu, lakini si mazoea peke yake. Kile unachokiita uchafu wa chumba cha Memphis ni mwangwi ambao Sam Phillips aliutengeneza kwa kutumia mashine mbili za kanda, ya pili ikirudisha sauti kwa kuchelewa kidogo sana baada ya ya kwanza. Ndio unaofanya sauti ionekane kujibizana na ukuta. Sikilizeni mwanzo wa Great Balls of Fire: kinanda kinagonga na kunyamaza, sauti inabaki peke yake hewani, kinagonga tena, kinanyamaza. Katika ule ukimya ndimo mwangwi unamofanya kazi. Wimbo mzima haufiki dakika mbili, na hakuna nafasi ndani yake iliyolala. Ukiurudia wimbo huo mahali pengine, kwa mashine nyingine, unabaki na nota zote na unakosa kile kilichojaza nafasi kati ya nota.

Ila nitakupa haki yako kwa hili: laiti jalada lingesema wazi kwamba ndani mna rekodi za 1963, nisingelalamika. Ningenunua nikijua ninachonunua, na huenda ningezipenda.

#8

Wakuu, mimi ni mgeni kwa msanii huyu. Nataka albamu moja tu, si tano. Ninunue ipi, na nitajuaje kwamba sijauziwa mbuzi kama mleta uzi?

#9 (Mleta uzi)

Tafuta All Killer, No Filler, iliyotolewa na Rhino mwaka 1993. Jina hilo linacheza na lakabu yake, The Killer, ambayo alikuwa nayo tangu ujanani. Ni nyimbo 42 katika sidii mbili. Inaanzia Sun, inapita Smash na Mercury bila haraka, na haichukulii kantri kama kiambatisho. Hiyo ndiyo pekee kati ya nilizozisikia inayokuruhusu umsikie mtu mmoja akizeeka. Ukifika kwenye Middle Age Crazy ya mwaka 1977 utaelewa ninachosema, kwa sababu yule anayeimba habari za mwanamume wa makamo anayejitafutia ujana ndiye aliyekuwa akipiga teke kiti cha kinanda miaka 20 kabla.

Kujihadhari ni kazi ndogo. Geuza jalada, usome maandishi madogo ya nyuma. Ukiona Sun na miaka 1956 hadi 1963, uko salama kwa upande wa roki. Ukiona neno linaloashiria kurekodiwa upya, hata kama limeandikwa kwa herufi za ukubwa wa siafu, ujue ni za baadaye. Na tahadhari pia na nyimbo za filamu ya mwaka 1989 kuhusu maisha yake, kwa kuwa humo nako alizipiga upya, na zimewahi kuwachanganya watu. Pasipoandikwa chochote, omba muuzaji akuwekee Whole Lotta Shakin' Goin' On, usikilize kama sauti inajibizana na ukuta.

#10

Nyongeza fupi kwa yule aliyesema kwamba wapangaji wa albamu hawana kosa. Ukumbi wa heshima wa roki ulimwingiza mwaka 1986, katika kundi la kwanza kabisa, pamoja na Elvis Presley, Chuck Berry na Little Richard. Ukumbi wa heshima wa kantri ulimwingiza mwezi Oktoba 2022, na kwa kuwa alikuwa mgonjwa, mwimbaji mwenzake Kris Kristofferson alimpokelea nishani. Siku 12 baadaye, tarehe 28 Oktoba, alifariki nyumbani kwake Mississippi akiwa na miaka 87. Kati ya heshima hizo mbili ilipita miaka 36. Kama wenye muziki wao walichukua muda wote huo kuugeuza upande wa pili, sishangai kwamba wauza sidii bado hawajaugeuza.

#11 (Mchangiaji wa #8)

Ahsanteni sana. Leo nimepita kwa fundi mmoja wa redio ambaye ana kasha la santuri za zamani, nikapata juzuu ya pili ya Original Golden Hits, jalada limechanika kona lakini santuri yenyewe ni nzima. Ameniwekea nyimbo mbili za kwanza. Ukuta nimeusikia. Ile ya nyimbo 42 nimemwagizia binamu yangu aliyeko Mombasa aitafute, na nimemsisitizia asome maandishi ya nyuma kabla ya kutoa pesa.